Korongo Asiye na Miguu

Watu wengi wakisikia kazi ya Mama Jicho hukunja uso. Alikuwa fundi wa meno bandia. Madaktari walimletea plasta za jasi zenye alama za vinywa vya watu, naye akavijengea vinywa hivyo ufizi wa rangi ya waridi na meno ya kupangwa. Mara nyingine aliletewa meno ya mzee fulani yaliyovunjika, yakiwa na mabaki ya chakula cha jana, akayapokea kwa mikono miwili, akayasuuza, kisha akamalizia chai yake. Hayo hayakumtia kinyaa hata chembe. "Uchafu wa kinywa unatoka kwa maji," alizoea kusema. Kilichomchafua roho ni mtu kuchukua sarafu ya zamani akaisugua ing'ae.

Hapo watu walimcheka, maana sarafu alizozikusanya yeye zilikuwa zao la kusugua. Ila kuna kusugua na kusugua. Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Siku nyingine kipande cha madini kinakosa kuingia, mihuri inakutana uso kwa uso na kuachiana makovu. Kutengeneza muhuri mpya ni gharama, kwa hiyo fundi wa kiwandani huchukua unga wa kung'arishia akausugua ule wa zamani mpaka makovu yaishe. Akizidisha mkono, yanaisha na mengine: ncha ya jani, ukucha wa mnyama, mkia wa herufi. Halafu maelfu ya sarafu yanatoka hivyo hivyo, yanaingia sokoni, yananunua sabuni na mafuta ya taa, na hakuna anayeona. Mama Jicho aliona. Alikuwa na sarafu ya ua lisilo na shina, na ya jogoo asiye na kucha, na moja ambayo mwaka wake ulikosa tarakimu ya mwisho. Kila moja ilikuwa haraka ya mtu fulani ambaye hakujua kwamba siku moja atatazamwa.

Iliyowakosesha watu usingizi ni ya korongo. Kwenye sarafu ya kawaida korongo amesimama kwenye majani, miguu miwili myembamba kama njiti. Muhuri mmoja ulisuguliwa mpaka miguu yote ikafutika, ndege akabaki anaelea juu ya majani. Zilizojulikana zilikuwa chache sana, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu wa chama chao cha wakusanyaji sarafu.

Chama chenyewe kilikutana Jumamosi mchana, ghorofani juu ya duka la dawa, kwenye chumba chenye meza moja ndefu na feni isiyozunguka. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria wa mirathi, mtu wa kucha safi mno. Mwenye duka la dawa alitoa chumba bure na kwa hiyo akajiona mwenye chama. Na alikuwepo Mzee wa Saa, fundi saa aliyemfundisha Mama Jicho kila kitu tangu alipokuwa binti anayepita dukani kwake kutengenezewa saa ya marehemu baba yake. Sasa macho ya mzee yalikuwa yameingiwa na ukungu, na saa alizitengeneza kwa mazoea tu.

Kanuni ya chama ilikuwa moja, nayo haikuandikwa popote. Hakuna aliyenunua sarafu ya muhuri uliosuguliwa kabla Mama Jicho hajaitazama kwa lenzi. Alichotafuta ni kitu kidogo. Unga unapousugua muhuri huuachia mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni mifereji ndani ya chuma. Sarafu ikigongwa, madini huijaza ile mifereji, kwa hiyo kwenye sarafu ya kweli unaona mistari myembamba iliyoinuka. Tapeli anayechukua sarafu nzima na kuifuta miguu kwa kifaa, yeye huchimba sarafu yenyewe, na mistari yake imezama. Iliyoinuka ni ya kiwandani, iliyozama ni ya mwizi. Mama Jicho akisema ndiyo, imekuwa ndiyo. Akisema siyo, mwenye nayo anaikunja kwenye leso na kuondoka kimya. Ardhi hakuwa nayo, wala gari. Alikuwa na jicho hilo na neno lake, na watu wa mbali walimfahamu kwa hayo.

Jumamosi hiyo alifika akiwa amechelewa, akakuta watu wamesimama. Mzee wa Saa alimpapasa mkono akamshika.

"Mwanangu," alisema, "ahsante kwa kunikumbuka."

"Kukumbuka kwa lipi, mzee wangu?"

Mzee akacheka, akafungua leso mezani. Korongo, bila miguu. "Mumeo kaniletea dukani. Kaniambia, mke wangu kaipata hii, kaitazama mwenyewe na kuipitisha, na kasema ianze kwa mwalimu wake."

Watu wakapiga makofi. Mama Jicho alisimama na mkoba begani asijue auweke wapi. Mumewe hakuwa amemwambia neno. Kabla hajafungua kinywa, Mwenyekiti akakohoa.

"Mzee, usijivune peke yako," akasema, akatoa kibahasha mfukoni mwa shati. "Na mimi niliambiwa ni wa kwanza." Korongo wa pili, bila miguu.

"Haya, kumbe sote ni wa kwanza!" Mwenye duka la dawa akaangua kicheko, akaenda kwenye droo, akarudi na wa tatu. "Mama Jicho, umeangukia mfuko mzima? Na unatuficha!"

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi zilikuwa zimetembezwa mlango kwa mlango. Mama Jicho alikaa. Akatoa lenzi, akaivuta ile ya mzee.

Hakuhitaji hata kuhema mara mbili. Mistari ilikuwa imezama. Tena ilikwenda miwili miwili, mkwaruzo na pacha wake, na huo mwendo aliufahamu: kichwa cha mashine yake ya kusagia ufizi, kile chenye jino lililovunjika alilokuwa akisema kila wiki atalibadilisha. Chini ya korongo majani yalikuwa manene na mazima, kana kwamba fundi wa kiwandani angesugua miguu tu na kuyazunguka majani kwa adabu. Akaisogeza sarafu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya manyoya ya ndege, kwenye vichochoro vya bawa, kulikuwa na vumbi la rangi ya waridi. Ufizi. Ufizi wa bandia, kutoka mashine yake, kutoka chumba chake, umemganda korongo mgongoni.

Huyu aliyeshika vinywa vya wagonjwa nusu ya maisha yake alihisi mate ya uchungu yakimpanda kooni kwa sababu ya vumbi lisilotosha hata kumwasha mtu jicho. Akazitazama zile nyingine mbili. Waridi. Waridi.

"Vipi?" aliuliza Mwenyekiti. "Si ulishazitazama?"

Angeweza kusema palepale, na baadaye alijichukia kwamba hakusema. Lakini nani angemtaja mumewe mbele za watu kabla ya kumsikia? "Mwanga wa hapa si mzuri," alisema. "Nipeni niende nazo. Nitazirudisha Jumamosi ijayo."

Wawili walisita. Watu walioshika kitu adimu huwa na mkono wa birika. Lakini alikuwa yeye, wakatoa. Mzee wa Saa hakusita. "Hata usingeitazama tena, mwanangu," alisema. "Kwangu neno lako limetosha."

Mumewe alikuwa mstaafu wa kampuni ya bima, mtu wa ulimi laini, aliyezoea kuwauzia watu hofu na kurudi nyumbani akipiga mluzi. Tangu astaafu alishinda akizunguka chumba cha kazi cha mkewe nyuma ya nyumba, akiuliza kile ni nini na hiki kinafanya nini, na mkewe, maskini, alifurahi kuulizwa. Mama Jicho alimkuta kwenye kiti chake, mbele ya mashine yake, anakula ndizi. Miguuni alikuwa na viatu vipya vya ngozi. Mkewe aliziweka sarafu tatu mezani.

"Aa," mumewe akasema. "Umeziona."

"Hilo ndilo unalosema?"

"Niseme nini? Nilitaka nikushtukize. Unajua mzee alivyofurahi? Kidogo alie."

"Umemuibia Mzee wa Saa kwa mashine yangu."

"Nimemuibia nini?" Alilikunja ganda la ndizi vizuri, akaliweka juu ya plasta ya mdomo wa mtu. "Hebu tulia, mke wangu, tuongee kama watu wazima. Ninyi mnanunua nini pale? Mnanunua miguu isiyokuwepo. Mimi nimechukua sarafu yenye miguu, nikaiondoa. Sasa haipo. Si ndicho mlichotaka? Yule wa kiwandani kasugua, mnamtukuza miaka nenda rudi. Mimi nimesugua, nimekuwa mwizi. Tofauti iko wapi?"

Ubaya ni kwamba alikuwa anatabasamu. Hakuwa hata na haya ya kujitetea vibaya. Alisema yale maneno kama alivyowaambia wajane kwamba mkataba haukugusa moto wa namna hiyo.

"Yule alikuwa anafuta kovu," Mama Jicho akasema. "Hakujua kuna mguu unaondoka. Wewe ulikaa hapa ukaukata ukiujua."

"Maneno ya kitabuni hayo."

"Na jina langu? Uliwaambia nimezipitisha."

"Bila hivyo wangenunua?" Akainua mabega, kwa mshangao wa kweli. "Jina lako ni mtaji, mama. Umelikalia kama kuku aliyeatamia yai viza. Miaka yote unasema ndiyo na siyo, watu wanatajirika, wewe unaambulia chai. Mimi nimelitoa likapunge hewa. Sasa sema ndiyo mara moja tu, basi, yaishe. Sitarudia."

Akanyoosha mkono amshike bega, kama alivyozoea wakigombana. Vidole vyake vilikuwa na utelezi wa ndizi, na chini ya kucha, kama mtu angetazama, palikuwa na rangi ya waridi. Mama Jicho alitazama. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Huu mkono ulikuwa umemlisha alipougua, umembebea watoto, na sasa hakutaka umguse nguo. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema hivyo kirahisi kabisa, bila kufikiri kwamba nguo yenyewe inabidi uivae kesho.

Wiki nzima walikaa nyumba moja kama wapangaji. Alifungua mashine yote, akaiosha kipande kwa kipande, na bado alipoiwasha aliona kama inanuka. Mumewe alipiga mluzi uani. Mezani Mama Jicho alisikia meno ya mumewe yakitafuna, sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu waoane, na kila siku alichukua sahani yake akaenda kula karibu na sinki. Aliwaza kusema ndiyo. Tusidanganyane, aliwaza sana. Ndiyo moja, na mzee anabaki na furaha yake, nyumba inabaki na paa lake. Kisha alikumbuka ile waridi kwenye bawa na hamu ya chakula ikakatika.

Jumamosi alipanda ngazi za duka la dawa akiwa na majibu yake. Aliziweka sarafu tatu katikati ya meza, akakataa kukaa.

"Hizi zote ni za kughushi," alisema. "Mistari imezama. Zimefutwa kwa mashine yangu, nyumbani kwangu, na mume wangu. Mimi sikuzijua wala sikuzipitisha. Mliponipa wiki iliyopita niliona palepale, nikanyamaza ili nikamuulize kwanza. Hilo ni kosa langu. Mengine ni yake, na kila mtu atarudishiwa chake."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata alitamani matusi. Mwenyekiti aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa na kuvifuta viganja vyake kwa leso.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Anajua nini?"

"Hili. Nje ya chumba hiki."

"Hakuna."

"Vizuri." Akawatazama wenzake. "Maana kuna yule mkusanyaji tajiri aliyekuwa anauliza korongo, yule anayepita mwezi ujao. Nilishamwandikia kwamba nina moja, na kwamba imepitishwa na Mama Jicho. Ameshakubali."

"Hata mimi nina mtu," alisema mwenye duka la dawa, haraka, asije akaachwa nyuma.

Mama Jicho alidhani hajasikia vizuri. "Nimewaambia ni za kughushi."

"Tumekusikia, mama, na tunakushukuru kwa uaminifu wako." Mwenyekiti alikuwa na sauti ya kusomea wosia. "Wewe huombwi useme uongo. Unaombwa usiseme kitu. Mumeo alishasema kwa niaba yako, na mume na mke ni mwili mmoja. Tukizirudisha tunaumia sisi, unaumbuka wewe, anafungwa yeye. Tukizipitisha mbele, haumii mtu tunayemjua."

"Na zikioshwa kidogo," alisema mwenye duka la dawa, akiikwangua moja kwa ncha ya kalamu, "huu uchafu mwekundu utatoka. Ninayo dawa hapo chini."

Watu hawa walikuwa wamekaa naye miaka, wakikunja pua wakiona sarafu iliyosuguliwa kwa limau, wakimwita aliyefanya hivyo mshenzi. Sasa mmoja alikuwa anatafuta dawa ya kuosha ufizi kwenye bawa, na mwingine ameshaandika barua. Mumewe angalau alikuwa mwizi wa mchana. Hawa walikuwa na kanuni. Alitamani kutema mate, na hapakuwa na pa kutemea ila sakafu aliyokuwa akiiheshimu.

Akamgeukia mwalimu wake. Alijua huyu hatamwangusha. "Mzee wangu, waambie."

Mzee wa Saa alikuwa ameketi, mikono juu ya fimbo. Akanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaipata sarafu moja, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale miguu ilipokuwa.

"Imezama," akasema. "Hiki kitu hakihitaji macho. Niliijua dukani, mumeo hajatoka hata mlangoni."

"Ulijua?" Mama Jicho aliuliza. "Ulijua, ukainunua?"

"Nilijua."

"Na ukanishukuru mbele za watu?"

"Ningefanyaje, mwanangu? Nikuumbue?" Alisema kwa upole mwingi, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. "Nilidhani ni wewe. Nikasema, mtoto huyu ana shida, na shida zikimbana mtu hufanya lolote. Ameona haya kuja kuniomba, kamtuma mumewe na hii. Basi nikatoa nilichokuwa nacho, nikavaa miwani ya mbao. Halafu nikaona niisifu kwa nguvu, ili wengine wasiitazame sana."

Mwenye duka la dawa alicheka kidogo. Mama Jicho alishika ukingo wa meza. Juma zima alikuwa ameogopa kwamba jina lake litakufa akisema kweli. Kumbe lilikuwa limeshakufa kwa mtu aliyemfundisha kutazama, tena siku ya kwanza, bila hata mabishano. Mzee hakumuuliza. Hakutilia shaka hata kidogo kwamba angeweza kughushi. Miaka yote ya ndiyo na siyo, na mzee alihitaji sarafu moja tu kuamini.

"Nitakurudishia," alisema.

"Sitaki. Sikumlipa yeye mimi. Nilikupa wewe."

"Mimi sikupokea!"

"Haya, mwanangu," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto.

Alizizoa sarafu zote tatu akazitia mkobani. Mwenyekiti aliruka, akasema hizo ni mali ya watu, akataja sheria. "Nishtaki," Mama Jicho akamwambia. "Nitakuja na lenzi yangu nikamwonyeshe hakimu ufizi. Na huyo mgeni wako nitamwandikia leo hii, nimtaje mume wangu na nikutaje na wewe." Akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Ngoja," alisema Mzee wa Saa. "Nishike mkono. Hizi ngazi sizioni."

Akamshika. Walishuka taratibu, mzee akitanguliza fimbo, hatua kwa hatua, huku juu wale wawili wakianza kulaumiana.

"Sasa unaniamini?" Mama Jicho aliuliza walipofika katikati.

"Tazama ngazi, mwanangu," mzee akasema. Wakaendelea kushuka, na kidole gumba chake kikawa kinapita polepole juu ya kiganja cha Mama Jicho, ukucha mbele, kikienda na kurudi.